Ngazi za Bwana Pranlal

Lemara, Arusha
11 Juni 1953

Kwa dada yangu Tabea,

Shikamoo dada. Mama naye umpe shikamoo yangu. Sisi hapa Lemara tu wazima, Eunike na watoto hawajambo, ila mimi ninayeandika nina uzima wa mwili tu. Natumaini ninyi huko Poli hamjambo, na mguu wa shemeji Sadoki umepona.

Dada, lori limekufa. Sisemi limeharibika, maana lililoharibika hutengenezwa. Mwisho wa Mei, ile wiki ya mvua kubwa, nilikuwa nateremka kwenda Mto Usa na magunia ya mahindi ya watu. Tope lilinichukua, nikaruka, na lori likaenda peke yake mpaka bondeni. Mimi nilichubuka kiwiko. Mahindi yote yalimezwa na maji.

Unajua lile lori nilikopeshwa na Bwana Virji wa vipuri. Deni lake peke yake linazidi mavuno ya kahawa ya mama ya miaka minne. Yupo pia mwenye mahindi, na yule wa matairi. Nimekaa wiki mbili sikuandikii kwa aibu.

Sasa Parsimei, yule tuliyekuwa naye vitani Burma, ambaye siku hizi ni karani wa posta, ameniambia kuna sheria ya muflisi. Mtu anakwenda kortini mwenyewe, anakiri hana, korti inachukua alicho nacho inawagawia wanaomdai, na baada ya muda anaachiwa huru aanze upya. Lakini karatasi zake ni nyingi, zinataka mtu anayezijua. Parsimei akanitajia wakili, Bwana Pranlal, ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa karibu na soko.

Nilikwenda jana. Ngazi zake ni kumi na saba, nilizihesabu nikiwa chini. Nilipanda tisa. Nikasikia mashine ya kupiga chapa na watu wanaongea Kiingereza, nikatazama viatu vyangu vilivyojaa tope la Lemara, nikateremka. Mimi niliyevuka bahari na bunduki, dada.

Niambie nifanye nini. Mama usimwambie bado.

Mdogo wako,
Sumari

*

Poli, Meru
16 Juni 1953

Mdogo wangu Sumari,

Marahaba. Huku hatujambo, mama anapalilia maharage kama msichana, na mguu wa shemeji yako umepona isipokuwa pale ninapomtuma kuchota maji. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa.

Kwanza nakuuliza, umemshukuru Mungu kwamba uliruka? Lori ni bati na mpira. Wewe ndiye kitinda mimba wa mama. Nilipofika pale uliposema limeteremka peke yake, nililia. Haya, nimekwisha kulia, sasa nakusema. Nilikwambia nini siku ile ulipolileta hapa nyumbani ukipiga honi mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani? Nilikwambia ng'ombe hula majani, huyu wako atakula nini? Ukacheka.

Kuhusu mtu wa kukushika mkono kortini, sikiliza. Ukitaka mtu wa kukupogolea kahawa humuulizi bei kwanza. Unakwenda kutazama mibuni aliyoipogoa mwaka juzi, kama imezaa. Ndivyo anavyochaguliwa fundi yeyote. Huyo Pranlal mibuni yake nani ameiona? Tena ni Mhindi, na anayekudai ni Mhindi. Jioni watakunywa chai pamoja huku wanakugawana.

Nenda kwa Ndesanjo. Anakaa pale barazani karibu na boma na mashine yake ya kupiga chapa. Ni mtu wetu, tulipata kipaimara siku moja mimi na yeye, na mpaka leo anaimba besi anapokuja nyumbani Krismasi. Serikali ilipowaondoa watu wetu Ng'are Nanyuki, yeye ndiye aliyewaandikia wengi barua za kudai vyao. Ya shemeji yako ilisomwa uwanjani pale kanisani, wazee wakatikisa vichwa kwa uzuri wake. Nimemuuliza shemeji yako leo kama ilijibiwa, akasema bado. Lakini iliandikwa vizuri sana.

Umwambie umetumwa na Tabea. Mama sijamwambia, ameniuliza kwa nini macho mekundu, nikasema moshi.

Dada yako,
Tabea

*

Lemara, Arusha
2 Julai 1953

Dada Tabea,

Shikamoo. Salamu zako zilifika na ndizi zilifika, Eunike anashukuru. Hapa baridi imeanza, Mlima Meru hatujauona siku nne.

Nimefuata neno lako. Ndesanjo alinipokea vizuri, akaniuliza habari zako na kama bado una mdomo. Nikamwambia umeongezeka. Ametaka shilingi kumi na tano, na hakunitazama viatu. Dada, nilipumua. Nilikaa kwenye kisanduku mbele ya meza yake, watu wanapita, nikamweleza yote kwa Kimeru bila kutafuta maneno.

Alinieleza kwamba korti haimheshimu mtu anayeingia mikono mitupu. Akasema, "Wewe ni mtoto wa watu, usiende pale kama mhuni wa sokoni. Waone una kwenu." Basi nikamtajia nilivyo navyo na yeye akaviweka kwa Kiingereza, vikajaa ukurasa mzima na nusu. Kwa kweli nilijiona mtu tena. Nikaapa mbele ya bwana wa korti kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli, nikatia sahihi mara tatu.

Sasa nasubiri. Bwana Virji nilikutana naye njiani akafungua mdomo kuniambia kitu, lakini Ndesanjo alinikataza kuongea naye, nikavuka barabara.

Mengine nitakueleza tukionana. Nadhani mzigo umeshuka.

Mdogo wako,
Sumari

*

Poli, Meru
9 Agosti 1953

Sumari,

Salamu zitafuata mwisho, kama zitakuwapo.

Alhamisi walikuja watu wawili wa serikali na mnyororo wa kupimia na kopo la rangi nyekundu. Mama aliwaona wakiingia kwa mlango wa uani, akadhani ni wageni wa chama cha kahawa, akawatolea maziwa ya mgando kwenye kibuyu kile cha baba. Wakanywa. Wakashukuru. Halafu mmoja akainama kwenye mbuni wa kwanza pale karibu na kaburi la baba, akaandika moja kwa rangi nyekundu. Akaenda wa pili, akaandika mbili.

Mama akaniuliza, "Wanaitibu?"

Shemeji yako alitoka ndani, akauona ule mnyororo, akaketi chini pale pale alipokuwa. Hakuanguka, aliketi. Unajua mara yake ya mwisho kuona mnyororo wa namna ile ilikuwa kule kwao, na baada yake yalikuja malori, na nyumba yao ikachomwa huku wanatazama. Miaka miwili tumelala kwenye kihamba hiki cha mama, nyumba na shamba lake, kwa sababu cha kwao kule hakipo tena. Nilimvuta mkono asimame, akakataa.

Waliandika mpaka mia sita na arobaini. Kisha wakanipa bahasha ndefu ya kaki na mhuri. Nimeipeleka kwa mwalimu akanisomea. Sumari, limeandikwa jina lako. Mali ya mdaiwa Sumari. Kihamba, Poli. Mibuni. Migomba. Mfereji wa maji. Na mwisho kabisa, nyumba moja ya bati ambamo anaishi mama yake. Mwalimu alisoma mara mbili kwa sababu mimi nilisema amekosea.

Umemwandika mama yetu kwenye orodha ya vitu vya kuuzwa. Umefanyaje jambo hili? Nakuuliza kwa sababu sijui. Nimekubeba mgongoni, nimekufundisha kuandika hilo jina unalolitia sahihi, na sijui ni mkono gani ulioweza.

Mama amejua yote sasa. Amechukua majivu na tambara, anasugua namba. Amefika kumi na mbili.

Tabea

*

Lemara, Arusha
14 Agosti 1953

Dada yangu,

Shikamoo, hata usipoitikia.

Nitaandika kweli tupu. Ndesanjo aliponiuliza nina nini, nilisema baiskeli, cherehani ya Eunike, kitanda. Akanitazama. Akasema, "Na kwenu? Si wewe ndiye kitinda mimba?" Nikasema ndiyo. Hata wewe ungesema ndiyo. Baba alifariki nikiwa Burma, na niliporudi baba mdogo Elinami alinipa jani la sale mbele ya kaburi, wazee wamesimama, akasema nyumba ya baba yako ni yako, mlinde mama yako ndani yake. Ulikuwepo, ulilia. Basi nikasema kihamba ni changu, na nilisema kwa fahari. Mzungu akisema changu ana maana anaweza kukiuza. Mimi nikisema changu nina maana ndimi nitakayezikwa pale. Neno hilo nililiapia bila kulifikiri, na Ndesanjo hakunizuia. Nadhani yeye naye hakujua.

Niliposoma barua yako nilikwenda moja kwa moja sokoni na nikapanda ngazi zote kumi na saba kwa viatu vile vile. Bwana Pranlal ni mzee mfupi mwenye miwani. Alisoma karatasi zangu zote, akavua miwani, akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Nani aliyekuambia uende kortini?"

Nikasema, nadaiwa.

Akasema, "Virji hajakushitaki. Nakunywa naye chai kila Jumamosi. Tangu Juni anasema achukue chuma cha lori, na kinachobaki umlipe kidogo kidogo kwa kumbebea mizigo, maana wewe ni dereva mzuri. Anasema kila akikuita unavuka barabara."

Dada, ungeniambia nimepigwa risasi ningeelewa upesi zaidi. Hakukuwa na haja ya korti. Hakukuwa na haja ya karatasi hata moja. Bwana Virji alifungua mdomo na mimi nikavuka barabara.

Sasa imekwisha ingia kortini, haitoki. Jaji anakuja Arusha tarehe nane Septemba, na ataamua kama kihamba kiuzwe. Bwana Pranlal amekubali kunisimamia, nitamlipa baadaye. Mama ataitwa kutoa ushahidi. Nitakuandikia atakachotakiwa kusema.

Mwambie mama... sijui umwambie nini.

Mdogo wako,
Sumari

*

Poli, Meru
20 Agosti 1953

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeitikia, unaona. Sisi hatujambo kwa kadiri ya watu wenye namba kwenye mibuni yao.

Nilikasirika siku tano. Siku ya sita nilikuwa napeta maharage, nikakumbuka nilikuandikia nini mwezi wa sita. Nilikwambia ukatazame mibuni aliyoipogoa fundi. Halafu mimi mwenyewe nikakupeleka kwa mtu ambaye barua aliyomwandikia mume wangu haijajibiwa mpaka leo. Nilitazama mwandiko. Nilimchagua kwa sababu aliimba besi na tulivaa nguo nyeupe siku moja. Wewe ulikuwa umekwisha panda ngazi tisa, na mimi ndiye niliyekuteremsha. Sikuweza kumaliza maharage.

Kwa hiyo sitakusema tena, ingawa maneno ninayo.

Mama amefuta namba mia mbili na kitu. Nimemwambia watakuja kuandika tena, akasema na yeye majivu hayajamwishia. Chakula hali vizuri. Ameniuliza mara moja tu, "Nikifa kabla ya siku hiyo, watanizika wapi?"

Niandikie upesi mama aseme nini. Uandike kwa mkono wako nikuone. Zile bahasha ndefu za kaki mimi sizitaki tena humu ndani, karani wa chama akiniletea nyingine naitia chini ya debe la mahindi na haifunguliwi. Tumekwisha soma ya kutosha.

Dada yako,
Tabea

*

Ofisini kwa Bwana Pranlal, Arusha
27 Agosti 1953

Dada Tabea,

Shikamoo, na shikamoo ya mama. Nimefurahi kuona umeitikia. Naandika upesi mezani kwa karani wa Bwana Pranlal, amesema ataitia posta leo pamoja na barua zake ili isichelewe.

Habari ni njema, msome vizuri. Bwana Pranlal anasema kihamba cha ukoo kwa mila zetu si mali ya mtu mmoja kuuziwa deni, na hata mimi niwe nimepewa, niwe sikupewa, hakiwezi kwenda kwa Virji. Atamweleza jaji hivyo kwa sheria. Mama ataulizwa kama nilipewa sale. Ajibu kweli: ndiyo, alipewa, mbele ya kaburi. Basi. Neno hilo halitadhuru kitu. Ananisisitizia kwamba mama asiogope na asiongeze wala asipunguze.

Umwambie hivyo hasa. Aseme kweli tu.

Mdogo wako,
Sumari

*

Lemara, Arusha
10 Septemba 1953

Dada,

Shikamoo. Natumaini mama alifika salama, maana hakuniaga.

Kwa nini? Nakuomba uniambie kwa nini. Niliandika wazi.

Mama alisimama pale mbele amevaa lile shuka lake la kanisani. Mkalimani akampa Biblia, akaishika kwa mikono miwili. Akaulizwa, "Huyu ni mtoto wako?" Akasema ndiyo. "Alipewa kihamba cha baba yake kwa mila yenu?" Akasema, "Hapana."

Nilidhani mkalimani amekosea. Bwana Pranlal naye alinyanyua kichwa. Wakamuuliza tena. Akasema, "Hakupewa. Baba yake alikufa hajamtaja. Hakuna jani aliloshika. Hana kitu pale kwangu." Alisema kwa sauti ile anayosomea zaburi, na hakunitazama hata mara moja. Dada, mama huyu alinichapa nikiwa na miaka sita kwa kusema nimenawa na sijanawa.

Halafu Bwana Pranlal akasoma sheria yake, na jaji akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa kwamba ardhi ya ukoo haimo katika mali ya muflisi, awe alipewa au hakupewa, na swali la sale halina uzito. Kihamba kimesalimika. Watachukua baiskeli na cherehani. Yote yaliisha kabla ya chakula cha mchana.

Nilimkimbilia mama nje. Alikuwa amekwisha panda basi, amekaa dirishani anatazama upande wa pili. Nimepata kihamba na nimesikia mama yangu akinikana na Biblia mkononi, siku moja. Watu wananipa pole na hongera kwa pamoja, sijui niitikie ipi.

Ni nani aliyemwambia aseme vile? Ni wewe?

Sumari

*

Poli, Meru
15 Septemba 1953

Mdogo wangu Sumari,

Nakusalimu, nami sistahili shikamoo yako mara hii.

Barua yako ya tarehe kumi ilinishtua pale uliposema uliandika wazi. Nikasema moyoni, aliandika wapi? Nilingoja barua yako mpaka siku ya mwisho na haikuja. Ndipo nikakumbuka. Nikaenda jikoni, nikasukuma debe la mahindi. Ipo bahasha ndefu ya kaki, jina langu limepigwa kwa mashine. Karani wa chama aliileta tarehe mbili. Nilipoiona tu, nikasema hii ni ya korti, nikaitia chini na kuweka debe juu yake. Nimeifungua leo. Ndani ni mwandiko wako. Aseme kweli tu. Nimeisoma nimepiga magoti kwenye majivu.

Na nitakuambia lililobaki. Jumamosi kabla ya kesi, Ndesanjo alikuja. Kofia mkononi, amekonda, alisema hajala vizuri tangu asikie habari za mnyororo. Nilitaka kumfukuza. Lakini tulikuwa hatuna neno kutoka kwako, siku zimebaki tatu, na yeye alikuwa amekaa pale anajua korti na sisi hatujui. Nikamfungulia mlango. Mara ya pili, Sumari. Mimi yule yule, mtu yule yule.

Alimwambia mama, "Ukisema kijana alipewa sale, kihamba kimekwenda. Ukisema hakupewa, kimebaki." Sidhani alikusudia ubaya. Alisema alichodhani ni kweli, kama alivyofanya tangu mwanzo.

Mama akauliza swali moja tu: "Nikisema hivyo, Sumari atafungwa?" Ndesanjo akasema hapana, wataona alijitaja kwa kutojua. Mama akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe.

Kwa hiyo hakukukana. Alidhani anakukomboa.

Sasa sikia la juzi. Jumapili ilikuwa meza ya Bwana. Mchungaji aliita, benchi letu likasimama. Mama akabaki amekaa. Watu wakapita mbele ya magoti yake mmoja mmoja, na yeye anatazama mikono yake. Miaka thelathini na minne hajakosa meza ile, hata alipokuwa na mimba yako. Tulipotoka nje hakuna aliyemuuliza, na kila mtu aliona.

Bado sijamwambia juu ya bahasha. Nitamwambiaje kwamba jaji hakulihitaji neno lake? Kwamba kweli ilikuwa imelala jikoni kwake siku sita, chini ya mahindi, na aliyeiweka pale ni mimi?

Nijibu, hata kwa matusi.

Dada yako,
Tabea

*

Poli, Meru
28 Septemba 1953

Mdogo wangu,

Hujajibu. Siku kumi na tatu, na sikulaumu. Nakutakia uzima wewe na Eunike na watoto, na hii ninampa shemeji yako ailete kwa mkono kesho asubuhi na mapema, ili ikufike kabla ya basi.

Nimemwambia mama. Nilimsomea barua yako ya ofisini yote, akiwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Nilipofika "aseme kweli tu" aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilisema uongo bure." Nikaanza kulia, nikamwambia kosa ni langu. Akasema, "La bahasha ni lako. La mdomo ni langu."

Siku iliyofuata alikwenda kwa mchungaji. Sijui walisemezana nini, ila alirudi anatembea upesi. Mchungaji amemwambia meza inamngoja, lakini kwanza akaliondoe lile neno pale alipoliweka. Nikamwambia, mama, pale ni kortini, uliapa, wanaweza kukufunga. Shemeji yako akamwambia vivyo hivyo. Nikamwambia tumwite mwalimu aandike barua, au tungoje mpaka wewe ujibu. Akasema tumekwisha ngoja sana na kuandikiwa sana.

Akaniuliza, "Huyo Mhindi wa Sumari, amesema maneno mangapi juu ya jambo hili?" Nikamhesabia: kwamba Virji hajakushitaki, kwamba kihamba hakiuzwi, kwamba aseme kweli na haitadhuru. "Na mangapi yalikuwa kweli?" Nikasema yote. Akasema, "Basi ndiye. Nitakwenda kwake mwenyewe, anipeleke kwa jaji. Na safari hii hakuna mtu wa kunichagulia." Alinitazama aliposema hivyo.

Anapanda basi la kesho, Jumanne. Atashuka sokoni kabla ya saa nne. Amekataa nimsindikize, anasema anayeshughulika na jambo hili ni yeye na wewe tu. Usimuulize kitu njiani, na usiombe msamaha barabarani, hatapenda. Mwamkie kama siku zote.

Amechukua shilingi zake za mayai za kumlipa wakili, na amefunga blanketi lake kwa kamba. Nilimuuliza la nini, akasema wakimweka ndani, Arusha kuna baridi.

Uliniambia ngazi ni kumi na saba. Hajawahi kupanda ngazi maishani mwake. Mshike mkono wa kulia, wa kushoto atakuwa na blanketi.

Dada yako,
Tabea